Kununua Chakula Likizoni Ufaransa: Mpango wa Wiki kwa Anayepika Mwenyewe

Nyumba za likizo vijijini Ufaransa, hasa Julai na Agosti, hukodishwa kwa wiki: unaingia Jumamosi, unatoka Jumamosi. Funguo unakabidhiwa saa kumi au saa kumi na moja jioni. Supamaketi za miji midogo hufunga saa moja na nusu au saa mbili usiku. Kesho yake ni Jumapili, na nyingi hufunga mchana. Keshokutwa ni Jumatatu, siku ambayo bucha, duka la mkate na maduka mengi madogo ya kijijini hupumzika. Kwa hiyo mgeni ana saa tatu hivi za kununua chakula cha kumfikisha Jumanne, naye kachoka na safari, na watoto huko nyuma ya gari wanalia njaa.

Wengi hujiandaa kwa bei za Ufaransa. Bei utazizoea. Kitakachokuangusha ni saa. Anayejua duka gani linafunguliwa lini hula vizuri kwa pesa ya kawaida, na asiyejua hujikuta Jumapili usiku anakula sandwichi baridi ya kituo cha mafuta.

Nitachukua mfano wa Périgord, yaani mkoa wa Dordogne kusini-magharibi, upande wa Sarlat. Ni sehemu yenye masoko mazuri na chakula chake chenyewe, lakini utaratibu ni uleule ukiwa Normandie, Bretagne au Provence.

Hatua ya 1: Kabla hujafunga mizigo

Mwandikie mwenye nyumba umuulize mambo matatu. Kuna nini jikoni tayari? Nyumba nyingine zina mafuta, chumvi na sukari, nyingine hazina hata sponji ya kuoshea vyombo. Friza ipo au hakuna? Na duka la mkate la karibu linafunga siku gani? Hili la tatu ndilo muhimu zaidi, na atafurahi kulijibu, maana Mfaransa wa kijijini ana maoni yake juu ya mkate.

Beba kikapu. Mifuko myepesi ya plastiki ilipigwa marufuku kaunta mwaka 2016, na mwaka uliofuata marufuku ikafika hadi kwenye matunda na mboga. Mfuko mgumu utauziwa, lakini kikapu cha ukindu hakichaniki, na gulioni kila mtu anacho chake. Beba kisu kizuri pia, kwenye begi la kukabidhi, si la mkononi. Visu vya nyumba za kukodi havikati hata nyanya.

Viungo vya pilau na majani ya chai njoo navyo kutoka nyumbani, vikiwa vikavu na vimefungwa vizuri. Iliki nzima supamaketi za kule huuzwa kwenye vichupa vidogo kwa bei ya kuumiza. Ila nyama na maziwa, na chochote kilichotengenezwa navyo, usithubutu: anayeingia Umoja wa Ulaya kutoka Afrika Mashariki au Ghuba haruhusiwi kuvibeba, hata kama ni kilo moja ya nyama aliyokausha mama. Matunda mabichi nayo yanataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Embe la Muheza litaishia mikononi mwa forodha.

Ukisahau viungo, majina ya kutafuta kwenye rafu ni haya: iliki ni cardamome, mdalasini ni cannelle, karafuu ni clou de girofle, bizari nyembamba ni cumin, manjano ni curcuma, tangawizi ni gingembre, pilipili manga ni poivre noir, na giligilani ni coriandre.

Hatua ya 2: Jumamosi jioni, duka kubwa

Usipitie nyumbani kwanza. Ukishaingia ndani, ukavua viatu, hutatoka tena. Nenda dukani moja kwa moja, au mmoja akapokee funguo na mwingine ashike orodha.

Majina utakayokutana nayo ni E.Leclerc, Carrefour, Intermarché, Super U na Auchan. Lidl na Aldi ni ndogo na mara nyingi bei nafuu, ila uchaguzi ni mdogo. Nyingi za hizo kubwa zina huduma iitwayo Drive: unaagiza kwa simu siku moja kabla, unachagua saa, unafika na gari sehemu iliyotengwa, wanakupakilia mzigo. Kwa familia inayofika Jumamosi ya Agosti, wakati nusu ya Ulaya inasukuma toroli, hii ndiyo njia ninayoipendekeza kuliko zote. Agiza vizito vyote kule: maji ukiyataka, maziwa, mchele, unga, mafuta, karatasi za msalani. Maji yenyewe si lazima, ya bomba yananyweka, isipokuwa palipoandikwa eau non potable.

Ukiingia mwenyewe, kuwa na sarafu ya euro 1 mkononi kwa ajili ya toroli. Unaichomeka, mnyororo unaachia, na ukirudisha toroli unarudishiwa sarafu yako.

Sehemu ya matunda, angalia kama kuna mizani yenye picha. Ikiwepo, pima mwenyewe, bonyeza picha ya tunda, bandika lebo. Ukifika kwa keshia na nyanya zisizo na lebo, foleni nzima itakusubiri urudi kupima, na watakutazama. Maduka mengine keshia ndiye anayepima, basi isipokuwepo mizani usiitafute. Asili ya kila tunda na mboga huandikwa kwenye kibao cha bei. Maharage machanga membamba yaliyopangwa kwenye trei mara nyingi yametoka Kenya, na parachichi pia. Kwenye samaki, ukiona perche du Nil, huyo ni sangara wa Ziwa Victoria, mwenzako wa safari.

Maziwa hayako kwenye friji. Mengi ni ya muda mrefu, yamepangwa kwenye rafu ya kawaida, na rangi ya kizibo ndiyo mwongozo: nyekundu ni yenye mafuta yote (entier), hayo ndiyo ya chai ya maziwa, bluu ni nusu mafuta, kijani hayana mafuta. Ukitaka yasiyo ya muda mrefu, tafuta lait frais kwenye friji. Mayai nayo yako rafuni, na tarakimu ya kwanza iliyopigwa kwenye ganda inakueleza kuku kaishije: 0 ni kilimo hai, 1 anatoka nje, 2 yuko ndani lakini huru, 3 yuko kwenye kizimba.

Unga wa ngano una namba. T45 ni mweupe na laini, wa keki na maandazi. T55 ni wa kazi zote, na chapati hutoka vizuri. Namba ikipanda, T80 hadi T150, unga unazidi kuwa na pumba. Soma mfuko vizuri usije ukachukua ulioandikwa levure incorporée, umeshatiwa kiumulio ndani, na chapati yake itavimba kama keki. Hamira ni levure de boulanger. Levure chimique ni beking pauda, inauzwa kwenye vipakiti vidogo. Sukari laini ya kawaida inaitwa sucre en poudre, na ile ya vumbi ya kupambia keki ni sucre glace. Siagi isiyo na chumvi ni doux, yenye chumvi kidogo ni demi-sel. Ukiwa na mkate mzuri, chukua demi-sel.

Tarehe ziko za aina mbili. À consommer jusqu'au ni ya mwisho kweli, ipo kwenye nyama, samaki na vyakula vibichi, usiivuke. À consommer de préférence avant inahusu ubora tu. Pasta au biskuti iliyopita wiki mbili haiui mtu. Vyakula vya aina ya kwanza vikikaribia tarehe hubandikwa karatasi ya punguzo la asilimia 30 au 50, na kwa kuku wa kupikwa usiku huohuo hakuna ubaya.

Bei unayoiona ndiyo unayolipa, kodi imo ndani. Chini ya bei kubwa kuna ndogo ya kilo au lita. Linganisha hiyo, pakiti zinadanganya macho. Kadi ya kugusa inapita mpaka euro 50, zaidi ya hapo unaweka namba ya siri. Vitu unapanga mwenyewe kikapuni, na keshia hakusubiri, kwa hiyo vizito vitangulie kwenye mkanda. Tangu Agosti 2023 risiti haitoki yenyewe kila mahali, ukiitaka sema: "Le ticket, s'il vous plaît." Iombe.

Orodha ya jioni hiyo iwe ya kukufikisha Jumanne: chakula cha usiku kisichohitaji kupikwa sana, kifungua kinywa cha asubuhi tatu, nyama au samaki wa Jumatatu, na mchele. Matunda na mboga nunua kidogo tu. Kesho kuna gulio.

Hatua ya 3: Kusoma lebo, kwa asiyekula kitimoto

Nguruwe Ufaransa hajitangazi. Ukiona porc, jambon, lard, lardons, saindoux, couenne au saucisson, ni yeye. Lakini anajificha pia: kwenye quiche lorraine, kwenye saladi za kopo la plastiki, kwenye dengu za kopo zilizopikwa na soseji, na kwenye peremende laini za watoto kwa jina la gélatine de porc. Njegere za kopo nazo zisome.

Périgord ina mtego wake maalumu. Ni nchi ya bata, na mgeni huona neno canard akatulia. Pâté de canard na rillettes de canard, nyama laini za kupaka kwenye mkate, mara nyingi huchanganywa na nguruwe. Soma orodha ya viambato, ambavyo hupangwa kwa uzito kuanzia kilicho kingi. Na viazi vya sarladaises, vinavyonukia vizuri, hukaangwa kwa mafuta ya bata, ambaye hakuchinjwa kwa kufuata dini isipokuwa imeandikwa hivyo. Pombe nayo huwa kwenye michuzi na vitindamlo: tafuta vin, rhum, kirsch.

Bucha za halali zipo karibu kila mji wenye wakazi wengi wenye asili ya Maghreb, ila vijijini ni adimu. Supamaketi kubwa nyingi zina rafu ya halali, na jina linaloonekana sana ni Isla Délice. AVS ni moja ya alama za uthibitisho zinazojulikana. Ukipita Bordeaux ukielekea Périgord, nunua nyama ya wiki huko, ifungwe vizuri na uje nayo kwenye kibebeo cha baridi. Ukishindwa, wiki ya samaki, mayai na maharage si adhabu.

Nyama ya mbuzi usiitegemee. Kondoo ni agneau. Na duka lenye kichwa cha farasi mlangoni linauza kweli farasi.

Hatua ya 4: Jumapili asubuhi, mkate

Kabla ya kuomba chochote, popote, sema "Bonjour, madame" au "Bonjour, monsieur". Usipoanza na hilo utahudumiwa kwa uso wa mawe, na utadhani wanakubagua kumbe wanakuona huna adabu. Mtu wa kwetu hahitaji darasa hapa. Nani anaingia dukani kwa Mangi akaanza na "nipe sukari"?

Kibao cha Boulangerie kinalindwa na sheria ya mwaka 1998: anayekiweka lazima akande na kuoka mkate palepale. Anayeuza uliookwa kwingine anaitwa dépôt de pain, na vijiji vingine sasa vina mashine tu ya kutumbukiza sarafu. Ndani ya boulangerie kuna baguette ya kawaida na kuna tradition. Lipa senti chache zaidi uchukue tradition. Amri ya serikali ya Septemba 1993 inataka itengenezwe na unga, maji, chumvi na hamira au chachu, bila viongezi vya kemikali na bila donge kugandishwa. Ukiivunja, ganda linapasuka kwa mlio, ndani ina rangi ya maziwa yaliyoiva na matundu makubwa kwa madogo yasiyo na mpangilio. Ya kawaida iliyookwa kiwandani ina ndani nyeupe kama pamba na matundu ya kufanana.

Unaweza kuchagua ilivyoiva: bien cuite ni ya hudhurungi iliyokaukia, pas trop cuite ni laini. Unaweza pia kuomba nusu. Bei ni euro 1 na senti kidogo. Mkate huu hauna mafuta, kesho asubuhi utakuwa mgumu, ndiyo maana watu hununua kila siku. Kwa Jumatatu ambayo mwokaji kafunga, nunua pain de campagne ule mkubwa wa mviringo, unakaa siku tatu ukiufunga kwa kitambaa.

Croissant omba au beurre, ya siagi. Na mkate wenye chokoleti ndani, huko kusini-magharibi uite chocolatine. Ukitumia jina la Paris, pain au chocolat, utauziwa, ila muuzaji atakurekebisha.

Fika kabla ya saa nne. Jumapili kila mtu anakwenda, na ikifika saa sita kilichobaki ni makombo.

Hatua ya 5: Gulioni

Hapa ndipo likizo ilipo, kwa hiyo usiharakishe.

Masoko ya Ufaransa yanazunguka kama magulio yetu: wauzaji walewale, mji tofauti kila siku. Upande huu wa Dordogne, Jumapili gulio liko Saint-Cyprien, Jumanne Le Bugue, Jumatano Sarlat, Alhamisi Domme, na Jumamosi Sarlat tena, siku ambayo wewe unafika jioni chakula kimeshafungashwa. Ni shughuli za asubuhi. Wanapanga meza alfajiri, ikifika saa sita na nusu wanakunja. Nenda saa tatu. Saa tano Sarlat ya Agosti hupiti, mnabanana mabega kwenye vichochoro vya mawe. Soko la ndani la Sarlat liko katika kanisa la zamani la Sainte-Marie lenye milango mirefu ya chuma, kazi ya msanifu Jean Nouvel, na hufunguliwa siku nyingi zaidi kuliko lile la nje.

Zunguka soko lote mara moja bila kununua. Tafuta nani ni mkulima na nani ni mchuuzi. Mkulima huwa na vitu vitatu vinne tu: nyanya, maboga madogo, mayai, labda shada la giligilani. Kibao chake kimeandikwa kwa mkono, mara nyingi kwa neno producteur. Mwenye ndizi, ndimu, embe na zabibu kwa mpigo kanunua soko la jumla usiku. Si mwizi, ila usimlipe bei ya mkulima. Alama nyingine ni foleni ya bibi wa kienyeji wenye vikapu vya magurudumu. Walipojipanga wao, jipange nyuma yao.

Usiguse. Hili nalirudia kwa wanangu kila mara. Sisi tumezoea kubonyeza embe, kunusa nanasi, kugeuza nyanya zote ipatikane iliyo bora chini. Kule muuzaji ndiye anayechagua, isipokuwa akikupa mwenyewe karai au mfuko. Unamwambia unataka nini, na muhimu zaidi, unataka kula lini.

Mtazame muuza tikiti, yale madogo ya mviringo yenye nyama ya rangi ya chungwa. Unasema unataka moja. Anauliza: "C'est pour quand?" Ukijibu "pour ce soir", la leo usiku, anainua moja, analipima uzito kiganjani, analigeuza kitako alinuse, anaangalia kikonyo kama kimeanza kupasuka pembeni. Anaweka chini. Anachukua lingine. La tatu analipitisha puani kwako, bila kuliachia. Ukimwambia unataka na la Jumatano, anarudi upande wa pili wa meza kuchukua gumu zaidi, na anachora alama juu yake usije ukayachanganya. Uliza hivyohivyo kwa parachichi, pichi na jibini ya camembert.

Nusu kilo inaitwa une livre, robo ni deux cent cinquante grammes, na stroberi huuzwa kwa trei, une barquette. Stroberi za Périgord zina jina linalolindwa tangu 2004. Ukiona zimeandikwa gariguette ni ndefu na zenye ukali kidogo. Mara des bois ni ndogo na harufu yake inajaza gari. Nyingine hununuliwa kwa msimu: cheri Mei na Juni, aprikoti na pichi Julai, nyanya za kweli Julai mpaka Septemba, zabibu na walnati mpya kuanzia Septemba. Kitu kinachouzwa nje ya msimu kimesafiri.

Kwa jibini, usitaje gramu kama huzijui. Muuzaji huweka kisu juu ya jibini akakuangalia. Sema "un peu plus" au "un peu moins" mpaka kisu kikae unapotaka. Kabla hajakata, uliza "Ça fait combien?", maana bei imeandikwa kwa kilo, na kipande cha comté cha miezi mingi kinaweza kukutoa jasho. Ya huku ni cabécou, visahani vidogo vya maziwa ya mbuzi, na jamaa yake wa Rocamadour ana hati ya jina. Vipya ni laini na vina uchachu mdogo, vikavu ni vikali; anayeanza aanze na vipya, juu ya mkate uliochomwa, na asali. Mjamzito na mtoto mdogo waepuke zilizoandikwa lait cru, maziwa yasiyochemshwa.

Kupatana bei hakuna. Ukijaribu utaonekana unamtukana. Lakini kuanzia saa sita na robo, wauza matunda huanza kuita wenyewe: trei mbili kwa bei ya moja, kreti ya nyanya zilizoiva sana kwa bei ya kutupa. Hizo ndizo za mchuzi. Beba pesa taslimu, noti ndogo. Wengine hawapokei kadi kwa kiasi kidogo.

Jambo la mwisho gulioni ndilo ungepaswa kulifanya la kwanza: tafuta gari la kuku wa kuchoma. Kuku wanazunguka kwenye vyuma, na chini kabisa kuna trei ya viazi inayopokea mafuta yote yanayodondoka. Weka oda unapofika, taja jina lako na saa ya kurudi, vinginevyo saa sita wameisha. Omba viazi, na omba "avec le jus", mchuzi wake. Kuku huyo, mkate, nyanya mbili na lile tikiti, chakula cha Jumapili kimekamilika na jiko halijawashwa. Anayehitaji halali amuulize muuzaji kabla ya kuagiza. Atajibu bila kununa.

Hatua ya 6: Ukitamani cha nyumbani

Ikifika katikati ya wiki mtu ataulizia ugali. Kwenye supamaketi utakuta semoule de maïs au polenta, ya njano, yenye chenga. Inasongeka, ila usitarajie sembe. Unga mweupe wa mahindi hupatikana maduka ya vyakula vya Afrika na Amerika ya Kusini. Mtindi tafuta kwa jina la lait ribot, wa Wabretoni, au leben kwenye friji ya bidhaa za Maghreb. Huo wa pili hasa unafanana na wetu. Tui la kopo, lait de coco, lipo kila mahali.

Kama njia yako inapita Paris, shuka kituo cha metro cha Château Rouge, mstari wa 4, uingie mtaa wa Dejean. Ndizi za kupika, mihogo, bamia, samaki wa kila aina, na kisamvu kilichotwangwa na kugandishwa. Sombe ya Wakongo hapa ina jina saka-saka au pondu. Marseille nenda Noailles, soko la Capucins. Mji huo una Wangazija wengi, na ukisalimia kwa Kiswahili usishangae ukijibiwa. Bordeaux kuna mtaa wa Saint-Michel na soko lake la Capucins, la jina lilelile. Vijijini Périgord hakuna, kwa hiyo nunua ukiwa njiani.

Hatua ya 7: Siku zilizobaki

Kibao kikiandika 8h30–12h30 / 15h–19h, maana yake ni saa mbili na nusu asubuhi mpaka saa sita na nusu mchana, kisha saa tisa alasiri mpaka saa moja jioni. Katikati hapo kijiji kimelala kwenye chakula. Supamaketi kubwa hazifungi mchana, ndogo hufunga. Jumapili alasiri, baadhi ya kubwa huacha mashine za kujilipia tu bila makeshia.

Angalia kalenda. 14 Julai na 15 Agosti ni sikukuu, hesabu kama Jumapili. Mei zipo mbili za tarehe, ya 1 na ya 8, na ile ya kwanza hufunga karibu kila kitu. Sikukuu ikiangukia Jumamosi au Jumatatu, nunua Ijumaa.

Julai na Agosti ulizia marché nocturne, soko la usiku. Kijiji cha Audrix hufanya Jumamosi jioni. Wakulima wanapika, meza ndefu zimepangwa uwanjani, kila mmoja ananunua kwa mwenye meza anayemtaka na kukaa popote. Wenyeji huja na sahani, vijiko, glasi na kitambaa cha meza kutoka nyumbani. Njoo navyo vyako, na uwahi kiti kabla ya saa moja jioni.

Kuanzia Alhamisi acha kununua, anza kumaliza. Wenye nyumba hutaka friji tupu Jumamosi saa nne asubuhi. Ijumaa jioni chemsha mayai yaliyobaki na ununue mkate wa njiani, maana vituo vya barabara kuu za kulipia vinauza sandwichi kwa bei ya chakula cha mezani.

Ukitaka kurudi na jibini, chagua ngumu na umwombe muuzaji aifunge sous vide, bila hewa, kisha iende kwenye begi la kukabidhi. Laini huhesabiwa kama kimiminika pale kwenye ukaguzi wa abiria, hali kadhalika mafuta ya walnati, na mlinzi wa pale hana huruma na chupa ya euro 15.